Mwana wa Mama Gede Haolewi

Siku ya pili ya sikukuu ya hekalu letu, mama mmoja alipanda ngazi zote thelathini na nane akiwa na mnara wa matunda kichwani bila kuushika. Sisi wanawake wa Bangli tunashika kwa mkono mmoja, maana upepo wa mlimani hauna adabu na mawe ya ngazi yanateleza kwa ukungu. Yeye mikono yake yote miwili ilikuwa chini, na shingo haikutikisika. Nilikuwa langoni juu, kazi yangu ikiwa kupokea sadaka na kuzipanga. Nikajua huyu si wa hapa.

"Karibu, mama. Pole na ngazi," nilimwambia huku nikimsaidia kuutua mzigo.

"Ngazi si kitu. Kilichonichosha ni lori la machungwa. Nimekaa juu ya magunia tangu njia panda."

Lafudhi yake ilikuwa ya mashariki, ya Karangasem. Niliacha kuyapanga mapera yake pale pale. Kuna mtu mmoja tu niliyemzoea mwenye lafudhi ile. Ndiye aliyekuwa akiniita jina langu kwa kulivuta mwishoni, kana kwamba hataki liishe.

"Wewe ni mwenyeji?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi utanisaidia. Namtafuta binti wa Mangku wa hekalu hili. Anaitwa Rasmini."

Mangku, yaani kuhani wa hekalu, ni baba yangu. Na Rasmini ni mimi.

"Una shida naye?" niliuliza.

"Nataka kuiona sura yake kabla yeye hajaiona yangu."

Hapo ndipo ningesema. Ulimi ulikuwepo, na sauti ilikuwepo. Lakini nilimtazama yule mama, nywele zake zilizobanwa kwa nguvu, mshipi wake wa manjano uliofungwa mara mbili kama wa mtu anayekwenda vitani, nikaogopa. Nikasema nitampeleka, ila kwanza afanye sala.

Tulipita ua wa kwanza pamoja. Watu wa ngoma za shaba walikuwa wamepumzika, wanakula. Yeye akawa anauliza kwa sauti ya chini, kama watu wawili wanaosengenya kisimani.

"Huyo Rasmini ni mtu wa namna gani?"

"Wa kawaida tu."

"Mzuri?"

"Wapo wanaosema hivyo. Wapo wanaosema ana mdomo."

"Mdomo si kitu, hata mimi ninao. Ninachotaka kujua ni kama ana huruma." Akasimama. "Nasikia huku kwenu mnaoa wanaume."

"Nyumba isiyo na mtoto wa kiume hufanya hivyo, mama. Mwanaume anaingia kwa mkewe, anashika madhabahu ya nyumba."

"Mimi nimezaa wanaume watatu, binti. Mwanaume huoa. Wa kwangu haolewi." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. "Kwetu mwanaume akiolewa, hata kuku wa jirani wanamcheka."

Tulikuwa tumefika ua wa ndani, na mnara wa paa kumi na moja ulikuwa mbele yetu, umetoka kwenye ukungu paa moja baada ya jingine. Ulikuwa umeezekwa upya kwa nyuzi nyeusi za mitende, kingo zimekatwa sawasawa kama nywele za mtoto siku ya kwanza ya shule. Kazi ya miezi saba. Kwa miezi saba niliitazama mikono ikipanda na kushuka pale, mikono iliyokuwa myeusi hadi kwenye viwiko, na kila jioni mwenye mikono ile alishuka, akanawa kwenye bomba la nyuma ya jiko letu, akanyanyua uso wenye maji na kunitazama. Hakuwa akisema kitu. Alikuwa ananitazama tu hadi mimi ninaanza kutafuta kazi ya kufanya.

Yule mama hakuinua macho. Alitazama msingi wa mnara, mawe tu.

"Ni kazi nzuri, mama. Hutazami juu?"

"Mimi sitazami mapaa," alisema.

Nikaelewa, maana Komang, mwanawe, mwenye mikono ile, alikuwa amenisimulia. Mama huyu huitwa Mama Gede kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza, kama ilivyo desturi. Gede alikuwa fundi wa kuezeka kama baba yake, na aliteleza kutoka paa la saba la hekalu moja la pwani akiwa na miaka ishirini na miwili, hajaoa. Ni miaka kumi na minne sasa. Bado kila anayemsalimia mama yule anamwita kwa jina la marehemu.

Komang alitokea nyuma ya mnara na ngazi ya mianzi begani. Alituona. Akaishusha ngazi polepole sana, kana kwamba ni ya kioo.

"Mama," alisema.

"Punguza sauti, uko hekaluni. Nimempata binti wa watu mwema, ananipeleka kwa Rasmini wako."

Komang alinitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mama, huyo ndiye Rasmini."

Mama Gede alinigeukia. Alianza na vidole vya miguu, akapanda taratibu hadi ua nililochomeka sikioni.

"Umenisikiliza muda wote."

"Ndiyo, mama."

"Na hukusema."

"Ulitaka kuiona sura yake kabla hajaiona yako. Nilikuwa nakutimizia."

Pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, ikatulia. "Twende kwa baba yako," alisema.

*

Baba alikuwa barazani na nguo zake nyeupe, amepumzika kati ya sala ya asubuhi na ya alasiri. Nilipomwambia mgeni ni nani, alisimama, akafunga vizuri kilemba chake. Baba ni mtu wa maneno machache. Mama yangu alipofariki mimi nikiwa na miaka sita, ndugu wa Baba walimshinikiza aoe tena ili apate mtoto wa kiume. Aliwaambia mtoto anaye. Hakuongeza neno, na hakuoa.

Nilileta kahawa. Komang alikaa karibu na nguzo, mbali na mama yake, mbali na mimi pia.

"Umetutangulia," Baba alianza kwa upole. "Keshokutwa tulikuwa tunakuja kwenu na wazee wa mtaa, kumwomba Komang kwa heshima zote."

"Ndiyo maana nimekuja, Jero Mangku," alisema, akimwita kwa heshima. "Nimesikia kwa watu. Msije."

"Tumekosea siku?"

"Siku haina kosa. Mwenye kuposa ni mimi. Mwezi ujao nitapanda na watu wangu kumchukua Rasmini. Nimemwona. Ana ujanja kidogo, lakini atanifaa." Akanywa kahawa. "Komang aliniambia mmeshakubali ashuke. Nimepaka chumba cha mashariki rangi ya kijani. Nimenunua na godoro, bado liko ndani ya nailoni yake."

Baba aliweka kikombe chini. Hakukiangalia, kikaegemea ukingo wa kisahani.

"Mama Gede," alisema, "mimi Komang aliniambia wewe umekubali apande. Nimehamisha mpunga kutoka chumba cha ghalani. Nimeweka mlango mpya."

Jikoni kwetu maji yalikuwa yanachemka, sikuinuka kuyaepua.

"Bli," nilimwita. Ndivyo tunavyomwita kaka, na ndivyo tunavyomwita mpenzi. "Ni kweli?"

Hakuinua kichwa.

"Nakuuliza wewe. Uliniambia mama amekubali. Ukaniambia ameomba tu tusifanye sherehe kubwa. Ulikuwa unanishika mkono ukiniambia."

"Wanasema kweli wote wawili," alisema hatimaye. "Kila mtu nilimwambia alichotaka kusikia."

"Mshika mbili," Mama Gede alisema, na hakuimalizia methali. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nadhani wakati ule sisi wawili, mimi na yeye, tulikuwa tumeumia mahali pamoja.

Baba ndiye aliyeharibu. Labda ni aibu iliyomsukuma. "Basi yameshasemwa," alisema. "Lakini neno letu ni moja. Nyumba hii imelitumikia hekalu vizazi tisa. Komang akiingia, ataingia mzima. Atakwenda kwenu, atapiga magoti, ataaga madhabahu ya wazee wake, kisha ataingia kwetu. Mguu mmoja ndani na mmoja nje siutaki."

"Unajua unachokisema?" Mama Gede alimkatiza. "Wewe ni mtu wa dini, unajua kuliko mimi. Atapiga magoti aseme, mimi si wenu tena. Baba yake yumo mle. Gede yumo mle. Gede hana mke, hana mtoto, ana huyu mdogo wake tu wa kumpelekea maua. Yule wa katikati ameoa Uholanzi, amekwenda na meli za watalii, miaka mitano hatujamwona. Unataka huyu naye amwambie kaka yake kwaheri ya kudumu?"

"Na Rasmini akishuka ataaga ya kwangu," Baba alijibu. Sauti yake ilikwaruza. "Mama yake yumo mle. Mimi nikifa nitaingia mle. Nani ataniwekea hata punje ya wali? Nyumba itafungwa. Watu watapita barabarani waseme, hapa palikuwa na mtu."

"Kwa hiyo ifungwe yangu."

"Sikusema hivyo."

"Umesema kwa mdomo wako, Jero."

Niliwatazama wazee wale wawili, mjane na mgane, kila mmoja ameshikilia mtoto wake mmoja, na sikuweza kumchukia yeyote. Hasira yangu yote ilikuwa imebaki kwa yule aliyeinamia sakafu.

"Komang, sema," nilimwambia. Sikumwita Bli.

Alisema polepole, akitoa neno moja moja. "Siwezi kumuaga Gede. Nimejaribu. Mwezi wa pili nilikwenda nyumbani, nikakaa mbele ya madhabahu tangu jua linachomoza hadi likawa utosini. Maneno niliyafundishwa, ninayajua. Hayakutoka. Na kumwacha Rasmi siwezi. Basi nikadanganya huku, nikadanganya na kule, nikijiambia kabla siku hazijafika litatokea jambo."

"Siku hufika," nilisema.

"Nimeona."

Kisha nikakumbuka jambo, nikalisema bila kufikiri, kwa ukali, kama mtu anayerusha kikombe. "Baba, mwaka juzi ulibariki ndoa ya wale watu wa Susut. Hakuna aliyeaga. Wale wa nyumba mbili."

"Wale walikuwa majirani," Baba alijibu haraka. "Ukuta mmoja. Hawa wana mlima katikati."

"Mlima una barabara," Mama Gede alisema. "Nimekuja nayo." Kisha akamkazia macho. "Ndoa gani hiyo?"

Baba alisitasita. Nadhani aliijua siku zote, na siku zote hakutaka tuikumbuke. Akaeleza kwamba hakuna anayeaga upande wowote. Mume na mke wanatumikia madhabahu mbili na mitaa miwili, sikukuu zote, misiba yote, miaka yote. Watoto nao wanagawanywa, mmoja arithi huku, mwingine kule. "Ni maisha ya kukimbia," alisema. "Leo mlimani, kesho pwani. Na watu watacheka."

"Wangu wameanza kucheka zamani," Mama Gede alisema. Akanywa kahawa iliyobaki, akageuza kikombe mkononi. "Mtoto wa kwanza ni wa wapi?"

"Wa hapa, kwa kawaida. Hekalu haliwezi kungoja."

"Gede amengoja miaka kumi na minne. Wa kwanza ni wa Gede."

"Mama Gede, hii ni huduma ya vizazi tisa."

"Basi wa kizazi cha kumi atakuwa wa pili. Ana haraka ya nini?"

"Na akizaliwa mmoja tu?"

"Una mdomo mbaya, Jero. Usimtabirie binti yako."

Waliendelea hivyo. Walimgawa wa kwanza, wakamrudisha, wakamgawa wa pili, wakabishana kama wa kike anahesabiwa. Baba, mtu wa maneno machache, alikuwa amesogea hadi ukingoni mwa mkeka na kidole chake kiko hewani. Nami nikasimama.

"Mnamgawana mtoto wa nani?"

Wote wawili walinitazama.

"Ninyi mmeelewana, nashukuru. Mimi sijaelewana na mtu. Mtu amenidanganya usoni mwezi mzima, na hakuna aliyeniuliza kama bado namtaka." Nikafunga upya mshipi wangu. "Sala ya alasiri imekaribia. Nina sadaka za watu langoni."

*

Komang alinifuata. Nilisikia nyayo zake, sikugeuka hadi tulipofika chini ya ngazi, pale kwenye banda ambamo wanaume wa mtaa hukatakata nyama ya sikukuu.

"Rasmi."

"Usiniite hivyo leo."

"Niliogopa kukupoteza."

"Hukuogopa kunipoteza. Uliogopa kuulizwa. Hayo ni mambo mawili." Nilimgeukia. Alikuwa na punje ya mchele ya baraka bado kwenye paji la uso, na nilitaka kumfuta kama nilivyozoea, mkono ukaondoka kabla sijauzuia. Nikaurudisha. "Ungeniambia, Bli. Ungesema, siwezi kumuaga kaka yangu. Unadhani ningekucheka? Mimi niliyekaa miaka ishirini na tatu nikimpelekea mama yangu maua?"

Macho yake yalijaa maji, na hata hivyo alinitazama moja kwa moja, kama siku zile za bombani. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba macho yale bado yalinigusa.

Wanaume bandani walikuwa wameshatuona. Mmoja alinyanyua panga lake lenye mafuta ya nguruwe. "Bibi harusi wetu amefika," alisema. "Komang, umeshapata blauzi ya kuolewa nayo? Mke wangu ana ya waridi, atakuazima." Wengine wakacheka. Walikuwa wamemtania hivyo kwa miezi, na Komang siku zote alicheka nao. Nilimwona akicheka siku nyingi sana.

Safari hii hakucheka. Alisimama pale kwenye ngazi ya banda, akavua kandambili, akapanda ndani. Mapanga yakapunguza kasi, moja moja, hadi yakanyamaza.

"Mzee Nengah," alimwambia mkuu wa mtaa, aliyekuwa amekaa pembeni akichambua nazi. "Naomba kusema."

"Sema, fundi."

"Nilimwambia Mangku kwamba mama yangu amekubali niingie kwake. Ulikuwa uongo. Nilimwambia mama yangu kwamba Rasmini atashuka. Ulikuwa uongo pia. Mmekuwa mkinitania kwamba naolewa, nami nikicheka, kwa sababu anayecheka haulizwi." Alishika mikono yake nyuma. "Sioni aibu kuolewa na Rasmini. Sikuwahi kuiona. Ninachoshindwa ni kumkana ndugu yangu aliyekufa. Kama mtaa utaturuhusu, naomba tuoane, mimi nimuoe na yeye anioe, tuzitumikie nyumba zote mbili hadi tuchoke. Kama mtaa hauturuhusu, niambieni mbele yake, ili nisimdanganye tena."

Aliyekuwa na panga alilitazama panga lake. Mzee Nengah alichambua uzi mmoja wa nazi, akauweka pembeni.

"Mtaa utakaa na kuliongea," alisema. "Si jambo geni kabisa. Lakini sheria ya kwanza ya kuoana ni watu wawili. Binti wa Mangku anasemaje?"

Wakanigeukia wote. Nilikuwa chini, kwenye mawe yenye unyevu, na nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa. Baba na Mama Gede walikuwa wametufuata, wamesimama bega kwa bega kama wafiwa.

Nilitaka kusema ndiyo. Sitaficha. Mwili wangu wote ulikuwa umeshasema. Lakini nilijua nikisema pale, mbele ya macho yale, nitakuwa nimejibu kwa huruma, na ndoa ya huruma haifiki masika.

"Nimemsikia," nilisema. "Leo sina jibu. Mama Gede, chumba chako cha kijani kimekauka rangi?"

Alishtuka. "Kimekauka."

"Kesho nitashuka na wewe. Siku tatu. Komang atabaki hapa kwa baba yangu, alale kwenye chumba chenye mlango mpya. Kabla sijaahidi kuzitumikia nyumba mbili, nataka kuiona hiyo ya pili. Na yeye akae na hii bila mimi, tuone kama ataipenda nisipokuwepo bombani."

Watu wakacheka, lakini si kile kicheko cha mwanzo. Mama Gede hakucheka.

"Gari la kwanza linaondoka saa kumi na mbili," aliniambia. "Mimi simngoji mtu."

*

Kwake palikuwa mteremkoni, chini ya mlima mkubwa, udongo mweusi na joto nisilolizoea. Chumba kilikuwa kijani kweli, kijani cha ndizi changa, na godoro lilipiga kelele ya nailoni kila nilipogeuka. Nilimkumbuka Komang hadi nikakasirika upya. Nilipika, nilifagia, nilikata majani ya sadaka. Mama Gede alinikosoa chumvi, akanikosoa ninavyoshika kisu, na siku ya pili akaniachia jiko lote akaenda kwa jirani. Hakuniuliza hata mara moja nimeamua nini.

Nilimpigia Baba simu.

"Yupo?" niliuliza.

"Yuko juu ya jiko. Nimemwambia ashuke, anasema paa linavuja. Asubuhi alifagia madhabahu kabla sijaamka."

"Amesema uongo wowote?"

Baba alifikiri. "Alisema kahawa yangu ni nzuri."

Nilicheka peke yangu uani, kisha nikajikuta nalia, na sikujua kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi.

Asubuhi ya siku ya tatu Mama Gede alinigongea. Alikuwa ameoga, amefunga mshipi wake wa manjano. Alinipa kisahani cha majani chenye maua na ubani, akatangulia hadi kona ya mashariki ya kiwanja, kwenye madhabahu ya nyumba. Yalikuwa mawe ya kawaida yaliyoota kuvu, na paa dogo la nyuzi nyeusi. Lile paa lilikuwa limekatwa sawasawa. Nilijua mkono uliolikata.

Tulikaa chini. Aliwasha ubani, akanyunyiza maji kwa ua, akamsalimu mumewe kwanza, maneno machache ya nyumbani, habari za ng'ombe na za mvua. Kisha akasogea kidogo upande wa kushoto.

"Gede," alisema, "mimi mama yako. Mdogo wako hayupo, yuko mlimani, anaezeka jiko la watu. Usimwogopee, ni jiko tu, si refu. Nimekuja na mgeni. Huyu ni..."

Akasita. Moshi wa ubani ulimpitia usoni na hakuupisha. Sikuwa nimemwona akikosa neno tangu siku ile ya ngazi. Alikuwa mama anayeogopa kumwambia mtoto wake jambo ambalo huenda lisiwe kweli.

Niliweka kisahani changu mbele ya mawe, karibu na chake.

"Mwambie ni shemeji yake," nilisema.